Nilimshonea baba mbega wa manyoya ya bandia, akakamatwa naye mbele ya DC Handeni

Wakuu, heshima kwenu nyote, wadogo na wakubwa wenzangu.

Juzi humu ndani kuna kijana alifungua thread anauliza wapi atapata fake fur nzuri, anataka kujishonea costume ya simba kwa ajili ya tamasha la chuo. Akajibiwa mambo mengi. Wengine wakamtuma Kariakoo, wengine wakamcheka, mmoja akamwambia anunue tu mkeka wa bafuni akate matundu ya macho.

Mimi nilicheka, halafu nikairudia kuisoma. Maana kitambaa hicho nimekishona kabla wengi wenu hamjazaliwa, na wengine kabla baba zenu hawajazaliwa.

Nina miaka themanini na kitu. Simu hii naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona makosa mvumilie. Nitakayosema ni yale niliyoyaona na kuyafanya. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki.

Turudi nyuma, enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi. Alitoka Tabora kama manamba, yaani wale waliochukuliwa kwa mkataba kuja kukata mkonge. Mkataba ukaisha, yeye akabaki. Akaoa Mzigua wa Handeni, ndiye mama yangu, wakakaa kambini karibu na Mazinde. Mimi nimezaliwa hapo, kwenye nyumba za mstari.

Mchana baba alikata mkonge kama wengine. Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa ndiye anayetangulia kwenye ngoma ya kambi. Njuga miguuni, na begani vazi la ngozi ya mbega alilokuja nalo kutoka kwao, alilorithi kwa baba yake.

Kwa wasiomjua mbega: ni kima mweusi tii, ana manyoya meupe marefu yanayoning'inia kutoka mabegani hadi kiunoni, na mkia mweupe. Mchezaji akiruka, yale meupe yanapanda na kushuka. Mtu anaweza kuwa amekaa mbali hasikii ngoma vizuri, lakini akiona yale manyoya anasimama.

Sasa serikali ya Mwingereza ilikuwa na mtu anaitwa Bwana Nyama. Huyo ndiye mkubwa wa mambo ya wanyama wote wa porini. Ukikutwa na ngozi ya mnyama fulani bila kibali, una kesi. Ukisema umerithi, onyesha karatasi. Babu yangu hakuachiwa karatasi na mbega.

Siku moja askari wa Bwana Nyama alipita kambini, akaliona vazi limetundikwa ukutani, akalichukua. Baba akapelekwa Korogwe, akaonywa kwa maandishi. Akaambiwa safari nyingine ni jela, hakuna mjadala.

Akarudi. Jumapili iliyofuata ngoma ililia, yeye akakaa mlangoni ananoa panga.

Akakaa hivyo miezi. Vijana wa ngoma walikuja kumwomba, akawaambia yeye hawezi kucheza uchi. Alikuwa na shati na suruali, lakini walielewa.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa kama miaka ishirini, nashona Korogwe kwenye baraza ya duka la mzee wa Kihindi tuliyemwita Babu Jivan. Jumatatu mpaka Jumamosi nipo Korogwe, Jumamosi jioni napanda treni narudi Mazinde.

Niseme wazi, baba hakuipenda kazi yangu. Kwake mwanaume alikuwa mtu anayerudi nyumbani na mikono imechanwa na miiba ya mkonge. Mimi nilirudi na uzi kwenye nywele. Hakunitukana hata siku moja, ila hakuwahi kuniuliza nimeshona nini wiki hii. Nilikuwa natamani aniulize. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoharibu mambo baadaye.

Basi.

Siku moja Babu Jivan aliniambia nipange stoo. Juu kabisa, nyuma ya majora ya khaki, nikavuta kitu laini. Nilidhani ni paka amefia humo. Nikarukia mlangoni.

Babu Jivan akacheka mpaka akakaa. Akaniambia kuna memsahib mmoja, bibi wa Kizungu wa shamba la mkonge, aliagiza kitambaa kile, watoto wa Wazungu wacheze mchezo wa Krismasi. Cheupe cha manyoya marefu kwa ajili ya kondoo. Cheusi cha manyoya mafupi kwa ajili ya paka. Mzigo ukachelewa melini, memsahib akahamia Kenya, kitambaa kikabaki.

"Nani atanunua?" akasema. "Hapa Korogwe hata shuka ni joto."

Nikakigusa. Kwa nyuma kilikuwa kitambaa kabisa, nyuzi zinaonekana. Kwa mbele kilikuwa mnyama.

Cheusi. Na cheupe kirefu.

Wakuu, sikuhitaji kuambiwa.

Nikamwomba Babu Jivan. Tukakubaliana nimshonee foronya na vyandarua vyake vya nyumbani, yeye anipe vipande. Alidhani nimechanganyikiwa, ila vyandarua alivihitaji.

Sasa sikiliza wewe kijana wa simba, hapa ndipo pana faida yako.

Kosa langu la kwanza: nilikata kwa mkasi kutoka mbele, kama ninavyokata khaki. Manyoya yakaruka baraza nzima. Wateja wakapiga chafya, mama mmoja akauliza kama tunanyonyoa kuku. Na ukingo wote ukabaki umenyolewa.

Ukweli ni kwamba kitambaa hiki hakikatwi mbele. Unakigeuza, unachora kwa chaki nyuma, unachukua wembe, unapasua ule mgongo wa kitambaa tu. Manyoya unayaachanisha kwa vidole. Polepole.

Kosa la pili: manyoya yana njia yake. Yanalala upande mmoja. Mimi fundi wa kubana kitambaa nikapindua kipande kimoja ili nisipoteze. Nikaunganisha, nikavaa nijaribu. Bega la kulia manyoya yamelala, la kushoto yamesimama kama paka aliyeona mbwa. Nikafumua.

Ukishona, yale manyoya yanaingia kwenye mshono na mshono unaonekana kama kovu. Chukua sindano nene, uyachokonoe yatoke moja moja, halafu upitishe kitana. Mshono unapotea. Nilipougundua ujanja huo nilijiona nimekuwa bingwa.

Kosa la tatu ndilo la kijinga kuliko yote, na fundi yeyote wa kwetu angelifanya.

Kule kwetu kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa. Ukivaa bila kupiga pasi, mayai yanaangua, funza anaingia kwenye ngozi yako. Kwa hiyo kwetu hakuna nguo inayotoka kwa fundi bila kupigwa pasi. Shuka, nepi, kitambaa cha jasho, vyote. Mkono unakwenda wenyewe.

Nikamaliza vazi, nikalifua, nikalianika, nikachukua pasi ya mkaa nikaiweka kwenye bega lake.

Halikuungua. Liliyeyuka. Manyoya yakajikunja yakawa kitu kama lami, na harufu yake sijawahi kuisikia kwenye nywele wala ngozi. Pakabaki upara mdogo mweusi unaong'aa.

Nilikaa chini. Nikapaziba kwa kuongeza manyoya meupe juu yake. Baadaye watu walisema pale ndipo palipopendeza zaidi.

Jambo la mwisho lilikuwa harufu. Kitambaa kilinuka rangi na meli. Nikalipeleka nyumbani Mazinde nikiwa nimelificha kwenye gunia, nikamwomba mama alitundike juu ya moto jikoni. Likakaa kwenye moshi wiki mbili. Mama akalipaka mafuta kidogo ya mbarika, yaani nyonyo. Likaanza kunuka kama kitu cha mababu.

Nikamwita baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Nikamwekea magotini. Akalishika. Akaweka vidole ndani ya manyoya, akapuliza yatengane aone ngozi. Akageuza nyuma. Akanusa. Akatembeza kidole gumba juu ya mshono wa bega mara mbili, maana aliuhisi lakini hakuuona.

"Hiki kitu hakijawahi kuishi," akasema.

"Ndiyo baba. Ni nguo. Bwana Nyama hana kesi na nguo."

Akaligeuza tena mbele na nyuma. Mama naye kasimama mlangoni na mwiko.

"Nani anajua?"

"Sisi watatu. Na Mhindi, lakini yeye hajui ni la nini."

"Basi iwe hivyo. Neno hili likitoka nje ya nyumba hii, umenizika."

Nikaapa. Nikashonea bitana ya khaki kwa ndani ili nyuma pasionekane. Jumapili ile baba alitoka. Kambi nzima ilijua kapata mbega mwingine, hakuna aliyeuliza kapata wapi. Watu wa kambi hawaulizi mambo ya ngozi.

Nilisimama nyuma ya watu nikamwangalia anavyoruka. Nilikuwa na furaha, na kwenye furaha ile kulikuwa na kitu kinanikera. Watu walikuwa wanasifia mbega. Hakuna aliyekuwa anasifia fundi.

---

Naendelea wakuu, nilikwenda kunywa chai.

Naona mmoja hapo juu kauliza, kama ni nguo halali, kwa nini mzee afiche? Swali zuri. Ili nilijibu, lazima niwaeleze habari ya watani.

Wanyamwezi na Wazigua ni watani. Vijana wa sasa utani mnaujua kwa kutaniana timu za mpira. Utani wa wakati ule ulikuwa sheria. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akakunyang'anya kiti, akakupaka majivu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Msibani kwako anakuja kufanya vituko mpaka wafiwa wacheke. Na jambo lolote la aibu akilijua, ni lake mpaka ufe. Hana kulisahau.

Baba alioa kwa watani. Shemeji yake mkubwa, mjomba wangu Mhina, alikuwa mtani wa kupindukia. Baba akienda Handeni ukweni, Mhina alimpokea njiani: "Mnyamwezi, mizigo ya Mwarabu umeishusha wapi?" Miaka yote, neno lile lile, kwa sababu ya mababu zetu waliobeba mizigo ya misafara. Na baba alimjibu kwa mengine ambayo siwezi kuandika humu, mods watanifungia.

Kwa mtu kama baba, kufungwa kwa sababu ya mbega si aibu. Ni habari ya kusimulia. Kukutwa amevaa kitambaa cha memsahib cha kondoo na paka, hiyo ni aibu ambayo watani wangeila vizazi vitatu.

Sasa ikaja siku ya maonyesho ya kilimo Handeni. Ng'ombe wa wafugaji, mahindi, pamba, na ngoma kutoka kila upande, zitachezwa uwanja wa bomani mbele ya DC. Ngoma ya kambi yetu ikaitwa. Meneja wa shamba akatoa lori.

Nikaomba ruhusa kwa Babu Jivan nikaenda nao.

Tulipofika, Mhina alikuwa wa kwanza. Akamkumbatia baba, akambana mabega, akamtikisa. "Mnyamwezi, leo umekuja na mzigo wako mwenyewe!" Watu wakacheka. Halafu akamwachia, akaondoka bila kuongeza la pili. Nilishangaa kidogo maana haikuwa kawaida yake. Nikadhani labda amezeeka.

Ngoma yetu iliitwa baada ya adhuhuri.

Sitaieleza sana. Nitasema tu kwamba wafugaji waliokuwa wamekaa na fimbo zao, watu ambao ngoma za wengine haziwatikisi, walisimama. DC mwenyewe aliinuka kwenye kiti chake chini ya turubai.

Ngoma ikaisha. Baba anahema, jasho linatoka. Akatokea askari wa Bwana Nyama.

Alikuwa yule yule wa Mazinde. Kumbe walimhamishia Handeni.

"Wewe si nilikuonya?"

Akamshika kwa lile vazi, akamvuta mpaka mbele ya turubai. Watu wote nyuma yao. Mimi nikapenya mpaka mbele. Kulia kwangu, hatua mbili tu, alisimama karani wa DC na makaratasi yake, mtu mpole, alishatusalimia asubuhi.

Naomba mkumbuke hizo hatua mbili.

DC alikuwa anajua Kiswahili vizuri. Akamuuliza baba, "Hii ni ngozi ya mnyama gani?"

Mimi nikasubiri aseme ni nguo. Kesi iishe twende tukale.

Baba akasimama wima. "Ni mbega, Bwana."

"Umeipata wapi?"

"Nimemuua mwenyewe. Msitu wa mlimani, juu ya Mazinde."

"Kwa silaha gani?"

"Mshale."

Wazee wa Kizigua wakatazamana, na mmoja akatikisa kichwa kwa heshima. Mbega kwa mshale si mchezo, anakaa juu kabisa ya miti.

Wakuu, baba yangu alikuwa anakiri kosa ambalo hakulifanya. Mbele ya serikali. Kwa hiari yake.

"Unajua uliwahi kuonywa?"

"Najua."

"Unajua ni jela?"

"Najua, Bwana."

DC akavuta karatasi.

Nilichofanya baada ya hapo nimekirudia kichwani miaka zaidi ya sitini. Nikaruka mbele nikapaza sauti, uwanja mzima unasikia:

"Bwana DC, huyu anadanganya! Hiyo si ngozi, ni nguo! Nimeishona mimi!"

Baba hakugeuka. Niliona shingo yake tu.

Askari akasema, "Mtoto anamtetea baba yake. Ngozi hiyo mimi naijua, nimekamata nyingi."

Nikasema, "Kama ni ngozi, iungue kama nywele." Karani akanipa kiberiti. Nikachukua manyoya machache ya ukingoni nikawasha. Yakajikunja, yakadondoka tone jeusi. Harufu ikampata askari puani, akarudi nyuma. Nikampokonya baba vazi begani, naam, nilimvua kwa mikono yangu, nikachana bitana ya khaki mbele ya DC, nikamwonyesha mgongo wa kitambaa, nikamwonyesha alama za chaki na mishono.

DC akalishika. Akaligeuza. Akacheka, si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyefurahi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo Bwana. Mimi."

"Kazi nzuri sana. Mimi mwenyewe nilidanganyika."

Nitasema ukweli kama nilivyoahidi. Nilifurahi. Nilitazama watu, nikawaona wananitazama mimi. Ilikuwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimevimba kifua, na baba amesimama hapo kando, kifua wazi, njuga miguuni, huru.

Ndipo sauti ya Mhina ikatoka nyuma.

"Jamani! Wanyamwezi siku hizi wanawinda dukani kwa Mhindi!"

Uwanja ukalipuka.

"Shemeji, huyo mbega ulimpiga mshale au ulimpima na futi? Alikimbia yadi ngapi kabla hajaanguka?"

Watu walianguka chini kwa kucheka. Hata yule askari alicheka. Mtani akishaanza hana kusimama, na mtaniwa sheria inamtaka ajibu. Baba alikuwa na majibu ya kila kitu siku zote. Siku hiyo alifungua mdomo, akaufunga.

Akanigeukia. Akachukua vazi mikononi mwa DC kwa adabu, akalikunja mara nne vizuri kama nguo ya mteja, akanipa.

"Nguo yako, fundi."

Tukapanda lori. Tulipofika Mazinde usiku habari ilikuwa imetutangulia, sijui ilipanda nini. Watoto wa kambi walikuwa wanaimba "Mzee Yadi". Jina hilo likamganda. Mpaka kwenye daftari la mnyapara aliandikwa hivyo.

Hakucheza tena. Si Jumapili ile tu. Hakucheza mpaka anakufa.

Mimi mambo yangu yalininyookea. Maneno ya DC yalienda mbali. Zilikuja ngoma kutoka Magoma, Mnyuzi, mpaka za upande wa Tanga, zinataka mbega, chui, simba wa kitambaa. Babu Jivan akaagiza majora mengine. Nikanunua cherehani yangu. Nyumba niliyokaa nikiandika haya ilianzia pale.

Baba aliishi miaka mingi baada ya uhuru. Tulisalimiana, tulikula pamoja, alibeba wanangu. Hakuwahi kunigombeza. Ila suruali zake alipeleka Mombo kwa fundi mwingine. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa suruali moja. Na cherehani yangu iko hapo nje.

Mdomo huponza kichwa, waswahili walisema. Wangu uliponza kichwa cha baba.

Alipofariki, watani walikuja kutoka Handeni, kama desturi. Mhina alikuwa mzee sana, anatembea kwa fimbo. Walipofika makaburini akashuka ukingoni, akatoa futi mfukoni, akaanza kulipima kaburi. "Shemeji, yadi ngapi? Mbili zinakutosha au nikukatie tatu?" Wafiwa wote walicheka, mama pia alicheka machozi yakimtoka. Ndiyo kazi ya mtani. Ni mimi peke yangu niliyeshindwa kucheka.

Jioni akanifuata nilipokaa.

"Mjomba, mbona wewe hucheki?"

Nikamwambia. Nikamwambia nilimwokoa baba akafa hajanisamehe.

Akalaza fimbo chini, akakaa. Halafu akasema, "Mimi asubuhi ile nilipomkumbatia nilijua ni nguo. Nilimbana mabega, nikasikia hakuna ngozi pale."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele za watu? Huyo ni shemeji yangu. Nilikuwa namngoja tuwe wawili, nimcheke mpaka alie." Akapangusa macho. "Askari alipomshika, nilikuwa nakwenda kwa karani. Nimnong'oneze, karani amnong'oneze DC, wamwite ndani, waone, wamwachie. Mtani hamwachi mtani wake afungwe. Nilikuwa nimeshafika nyuma yako pale, mjomba. Ukanitangulia kupiga kelele."

Nikamuuliza kwa nini basi alimcheka vile uwanjani.

"Ulishalisema. Likishasemwa mbele yangu sina ruhusa ya kunyamaza. Ningenyamaza watu wangesema namwonea huruma, na hiyo ndiyo ingemuua siku ile ile."

Hatua mbili, wakuu. Karani alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Na si kwamba sikumwona. Nilimwona, nilimfikiria, na nikachagua uwanja. Kunong'ona kungemtoa baba jela vile vile, ila hakuna mtu angejua nani ni fundi.

Kwa hiyo funzo langu ni hili, na nimelipata kwa bei ya baba. Ukiwa na ukweli wa kumwokoa mtu, kabla hujaupaza jiulize kwanza unataka kumwokoa yeye au unataka kuonekana wewe. Mara nyingi vyote viwili vipo, na kimoja kinavaa nguo za mwenzake. Usijidanganye kama nilivyojidanganya miaka mingi nikisema nilikuwa kijana tu.

Kijana wa simba, kitambaa chako kata kwa wembe, kutoka nyuma, na usikaribishe pasi. Ukikwama nitumie PM, nitakuelekeza bure.

Na ninyi wengine, nina swali moja, sina mtu wa kumuuliza tena nyumbani. Wenye umri wa baba yangu wakati ule, mlio na watoto wa kiume: mwanao angekufanyia hivyo, na nia yake ikawa nusu nzuri nusu mbaya, ungemwambia umemsamehe au ungeona haina haja ya kusema?

Jibuni hata kama ni neno moja. Nasoma zote.